Arusi nzima kwa dola 120: namna ya kupima ofa ya mpiga picha wa bei ndogo Lubumbashi

Kamati za arusi ninazozijua hapa Lubumbashi hufuata mpangilio mmoja. Kwanza ukumbi, halafu chakula, halafu makreti ya bia ya Simba. Kisha nguo za wasimamizi, magari ya msafara, keki. Picha hufika mwisho, wakati feza imebaki kidogo na wazee wameanza kutafuta viatu vyao. Ndipo kijana mmoja anatoa simu na kusoma tangazo alilotumiwa: "Arusi nzima, picha bila kikomo, video, alibamu na fremu, dola 120." Shangazi anasema huyo ni mwizi. Mjomba anasema tumchukue, kamera ni kamera.

Wote wawili wametazama bei tu. Mimi nimeshika daftari la feza katika kamati tano za ukoo wetu. Nimeona bei ndogo ikizaa picha nzuri sana, na nimeiona ikituacha bila picha ya keki. Bei ikiwa ndogo, kuna kitu kimepunguzwa mahali fulani. Kazi yako ni kukijua kitu hicho kabla ya kutoa hata faranga moja, kisha kuamua kama unaweza kuishi bila hicho.

Hatua ya kwanza: uliza "nzima" ina maana gani

Arusi yetu si tukio moja. Kuna siku ya mahari, kuna kichen pati tuliyoizoea kwa jirani zetu wa Zambia, kuna komini, yaani ofisi ya manispaa kwa ndoa ya serikali, kuna kanisa, kuna kuzunguka mji kwa picha za nje, na kuna karamu ambayo kadi inasema saa 12 jioni lakini maharusi wanaingia saa 3 usiku. Mpiga picha akisema "arusi nzima", huenda anafikiria kanisa na saa mbili za ukumbini. Hajakudanganya, ni nyinyi hamkuulizana.

Chukua karatasi uandike saa. Bibi arusi anapambwa kuanzia saa 1 asubuhi, karamu inaisha saa 6 usiku: hizo ni saa 17. Kisha fanya hesabu ya mfuko wake. Tuseme katika zile dola 120 alibamu na fremu vinamla 35, teksi za mchana kutwa na ya kurudi usiku 15, msaidizi wa video 30. Amebaki na 40, na bado hajakaa mbele ya kompyuta siku mbili tatu kusafisha picha, umeme ukiwepo. Kwako namba zitakuwa nyingine, lakini hesabu ifanyeni pamoja, bila ukali: "Kaka, nisaidie kuelewa, wewe mwenyewe unabaki na nini hapo?"

Majibu mazuri yapo. Anaanza kazi na anatafuta arusi za kuonyesha. Anakaa kwa wazazi, hana kodi ya studio. Arusi yenu ni Alhamisi, siku ambayo angekaa bure. Alibamu ni ile ndogo ya sentimeta 10 kwa 15. Ninaloliogopa ni lile jibu la "usijali, yaya (yaani mkubwa wangu), tutaelewana". Mtaelewana, ndiyo, lakini ukumbini saa 4 usiku, mbele ya wakwe, kamera iko mikononi mwake na wewe unatafuta dola 30 za nyongeza ndani ya pochi za shangazi zako.

Hatua ya pili: omba arusi moja, yote

Kama una muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Kila mpiga picha ana picha kumi nzuri. Hata mimi ninazo, na simu yangu ina kioo kilichopasuka. Kumi zile hupigwa saa 11 jioni, jua limelala, bibi arusi amesimama tuli chini ya mjakaranda uliochanua. Ukizitazama unasifu jua la Lubumbashi, na mpiga picha bado hujamwona. Kwa hiyo mwambie: "Nionyeshe arusi moja, kuanzia kupambwa hadi watu kurudi nyumbani, kama ulivyowakabidhi wenyewe." Akisema picha ni za watu, ana haki, aombe ruhusa kwao, au nenda uzitazame kwenye kompyuta yake bila kutumiana chochote. Akiwa hana arusi kamili hata moja, si dhambi, lakini sasa unajua kwamba ni mwanafunzi, na mtapatana kama watu wanaolijua hilo.

Ukizipata, ruka kanisa. Nenda moja kwa moja mlangoni mwa ukumbi, pale maharusi wanapoingia wakicheza. Hapo taa za DJ zinazunguka, zambarau na buluu, watu wanatembea, nyuma kuna giza. Weka vidole viwili kwenye kioo, vuta uso wa bibi arusi karibu. Tazama macho. Unaona kope, au kuna doa jeusi lililopakwa? Shuka kwenye gauni: shanga na maua ya lesi yanaonekana, au kifua chote kimekuwa karatasi nyeupe? Hamia kwa bwana arusi, na hapo tazama polepole, kwa sababu suti nyeusi, ngozi nyeusi na ukuta wenye giza ni mtihani mgumu kuliko gauni. Kola ya koti imejitenga na ukuta? Au kuna uso na kola nyeupe ya shati vinaelea hewani?

Tazama pia vivuli. Aliyeelekeza flashi usoni moja kwa moja hutoa paji la uso linalong'aa kama sahani, na nyuma yake kivuli kikali ukutani. Aliyeigeuzia juu, kwenye dari nyeupe, hutoa mwanga unaoshuka kwa upole. Hilo linataka dari iwe nyeupe na isiwe mbali sana. Kama karamu yenu iko chini ya hema au kwenye ukumbi wenye dari nyeusi, mwulize atafanya nini. Mwenye kazi yake atakujibu hapohapo: ana mwavuli wa taa, au ana taa ya pili juu ya mguu, au msaidizi atamshikia. Asiye nayo atakuambia kamera yake ni mpya.

Kuhusu rangi nina ugomvi wa siku nyingi. Ngozi yetu ikipigwa na taa ya buluu hugeuka majivu. Msafishaji mzuri huirudisha ilivyokuwa. Msafishaji mvivu huipaka weupe na ulaini hadi mama mkwe anafanana na mtu wa tangazo la sabuni. Nimeona alibamu ambayo bibi yetu wa miaka themanini na kitu hana kunyanzi hata kimoja, na wajukuu wanauliza huyu ni nani. Picha yenye ukungu kidogo naivumilia, hii siwezi. Ukiona nyuso zote zimepauka kwa namna moja, sema mapema kwamba nyinyi hamtaki.

Mwisho hesabu watu. Katika picha 400 za arusi ile, mama wa bibi arusi yuko mara ngapi? Babu? Wasimamizi? Mjomba aliyepokea mahari? Utashangaa ni arusi ngapi zina picha 150 za bibi arusi akitazama maua na picha moja tu ya mama yake, kichwa kimekatwa na mtu aliyepita na sahani ya kuku.

Hatua ya tatu: vyombo, bila kujifanya fundi

Watu huuliza aina ya kamera kama wanavyouliza aina ya gari. Acha. Uliza lenzi. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera nyingi za bei ndogo ni ile ya milimita 18 hadi 55. Ukivuta mtu karibu hadi mwisho, mlango wake wa mwanga unafika f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, mlango umefunguka zaidi). Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo ni kati ya lenzi za bei ndogo kabisa, inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi ya huo. Mtu mwenye kamera ya zamani na hiyo lenzi ndogo ya 50 amejua wapi pa kuweka feza yake. Mtu mwenye kamera mpya inayong'aa na lenzi ileile ya dukani ataifanya sala ya jioni ionekane imesaliwa ndani ya moshi.

Halafu betri. Nieleze yaliyotupata. Arusi ya mdogo wangu, mpiga picha, ambaye nitamwacha bila jina, alikuwa mpole, alifika mapema, alipiga kanisani vizuri. Usiku wa kuamkia siku hiyo umeme ulikuwa umekatika mtaani kwao, naye alikuwa na betri mbili, moja imejaa na moja nusu. Saa 4 usiku MC anaita keki, watu wamesimama, mdogo wangu na mume wake wameshika kisu kimoja, na mimi namwona yule kijana anainua kamera, anaishusha, anaitazama, anaipiga kofi kidogo ubavuni kama redio ya mzee. Imezima. Picha ya keki tuliyo nayo ni ya simu ya binamu, na ndani yake nusu ya keki imezibwa na kofia ya mjomba. Tulimlaumu wiki nzima. Lakini katika daftari langu nilikuwa nimeandika rangi ya makoti ya wasimamizi, na swali la betri sikuliandika.

Sasa ninauliza hivi: betri ngapi, na utazichajia wapi ikiwa umeme hauko tangu Ijumaa? Jibu linaweza kuwa kwa jirani mwenye jenereta, au hapa kwetu sebuleni. Lolote, mradi lipo.

Kadi za kumbukumbu nazo ni vilevile. Picha ghafi moja (ile ambayo kamera haijaibana) ya kamera ya megapikseli 24 hula kama MB 25 hadi 30, kwa hiyo kadi ya GB 64 hubeba kama 2,000. Mwenye kadi moja tu, tena yenye arusi ya wiki jana ndani yake, ataanza kufuta picha katikati ya hotuba ya mzee. Na kama kamera ni ya kukodi, si aibu, vijana wengi huanza hivyo. Uliza tu kama mwenye kamera hana kazi nayo Jumamosi hiyo, kisha piga simu Ijumaa mchana kuhakikisha kamera imeshafika.

Hatua ya nne: mpe siku ndogo kwanza

Arusi zetu zina siku nyingi, tuzitumie. Kabla ya kumkabidhi Jumamosi kubwa, mlipe kidogo apige mahari, au kichen pati, au komini. Mimi napendelea komini. Chumba kidogo, watu wamebanana, na mara nyingi dirisha liko nyuma ya meza. Ukipiga picha ukielekea dirishani, wote wanakuwa vivuli vyeusi.

Kijana mmoja wa Kenya, komini yetu ya Kenya hapa mjini na si ile nchi, tulimjaribu hivyo kwa arusi ya binamu. Kamera yake ilikuwa imekwaruzwa, kamba imeshonwa kwa uzi wa viatu. Aliingia, akatazama dirisha, akamwendea karani kwa heshima, "Papa, naomba tuvute pazia kidogo," kisha akasogea pembeni ili mwanga uwaangukie maharusi ubavuni. Wakati wa kutia sahihi alipiga goti asiwazibe wazazi. Hakuna aliyemwambia. Usiku ule niliiambia kamati kwamba nimemaliza kutafuta. Picha za binamu yule ndizo bora katika ukoo wetu hadi leo, na alikuwa wa bei ndogo kuliko wote watatu tuliowauliza.

Wako watu wanaoamini kwamba picha nzuri lazima itoke Kinshasa au ng'ambo. Mji huu ndio aliozaliwa mpiga picha mashuhuri Sammy Baloji, na tangu 2008 una biennale, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, iliyoanza kwa jina la Picha. Jicho lipo hapa, wakati mwingine limefungiwa kamba ya uzi wa viatu.

Hatua ya tano: jua halisubiri msafara

Hii ni fupi, na kosa huwa letu. Mwezi wa 6 jua la Lubumbashi linazama kabla ya saa 12 jioni. Mwezi wa 12 linajikaza hadi karibu na saa 12 na nusu. Mkitoka kanisani saa 9, mkapiga honi mji mzima, mkasimama kusalimia wajomba, mtafika kwenye bustani saa 11 na nusu, na mpiga picha wa bei ndogo hana taa kubwa za kuwaokoa. Mpangieni saa nzima ya nje, tena mapema. Kiangazi kuna vumbi jekundu kwenye pindo la gauni, masika kuna mvua ya ghafla, basi mtafute na baraza moja pana karibu na kanisa. Mpiga picha akikuuliza mwenyewe "msafara unatoka saa ngapi, na mvua ikinyesha tutakuwa wapi?", mwongezee alama.

Hatua ya sita: andikeni, hata kama ni WhatsApp

Si lazima mkataba wa wakili. Ujumbe mmoja mrefu ambao yeye amejibu "nimekubali" unatosha kwa watu wenye nia njema, na wasio na nia njema hawakubali kuuandika. Weka ndani yake saa ya kuanza na ya kumaliza; jina la mtu atakayekuja mwenyewe, maana wengine huchukua arusi tatu Jumamosi moja na kukutumia mdogo wao; idadi ya picha zilizosafishwa; tarehe ya kuzipokea; na nani atakuja akiugua.

"Picha bila kikomo" ifute. Hakuna anayetazama picha 2,000. Omba 300 zilizochaguliwa na kusafishwa, ufurahi.

Kisha jambo ambalo kamati nyingi hulisahau: picha za ukubwa wake halisi, kwenye USB. Picha ya megapikseli 24 ina pikseli 6,000 upande mrefu. Ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hushuka hadi karibu 1,600. Kwenye simu inapendeza. Lakini fremu ya sentimeta 30 kwa 40, ile inayowekwa sebuleni juu ya kochi, inataka karibu 4,700 ili itoke kali. Ukipewa za WhatsApp peke yake, umepewa picha za kutazama, si za kutundika. Wa mbali, dada yako aliyeko Kolwezi au Likasi, atumiwe kama dokumenti ili zisibanwe.

Malipo mimi nayagawa mara tatu: theluthi ya avansi, yaani malipo ya awali, theluthi asubuhi ya arusi kabla hajapanda teksi, theluthi ya mwisho siku ya kupokea kazi. Noti za dola zikague nyumbani. Noti iliyochanika ukingo hatakubali, na hutaki ubishi huo mbele ya kanisa. Na mpe chakula. Mtu mwenye njaa saa 3 usiku hupiga picha za sahani.

Kuamua

Nikiona picha za ukumbini zinasomeka, betri zina mpango, na mtu amekubali kuandika, namchukua hata kama alibamu yake ni ya karatasi nyepesi. Alibamu utachapisha mwakani mkiwa na feza. Kope za bibi arusi zilizopotea gizani hazichapishwi tena. Nikiona kumi nzuri tu na "tutaelewana", naacha, hata kwa dola 50. Na kama mpiga picha mzuri anataka 200 nanyi mna 120, msimwombe apunguze bei ya siku nzima. Punguzeni siku: aanze kanisani, aondoke baada ya keki na dansi ya kwanza, bila video, bila fremu. Kupambwa asubuhi mwachieni binamu mwenye simu nzuri, na dirisha lifunguliwe.

Siku ya kupokea, usichukue USB mlangoni. Kaa naye, chomeka kwenye kompyuta, fungua folda ya ukumbini kwanza, vuta uso mmoja karibu, tazama kama mama yupo, babu yupo, keki ipo. Nakili zote mahali pa pili, na umwombe asizifute kwake kwa mwezi mmoja. Ndipo utoe ile theluthi ya mwisho, na kama amefanya vizuri, umpe namba ya familia inayoozesha mwezi ujao.